Hewa ya Angani Hutengenezwa Ardhini

Tarehe 15 Aprili, 1875, Wafaransa watatu walipanda angani kutoka Paris katika baluni iliyoitwa Zénith. Majina yao yalikuwa Joseph Crocé-Spinelli, Théodore Sivel na Gaston Tissandier. Walikuwa watu wa elimu, na nia yao ilikuwa kupima tabia ya hewa ya juu sana. Walijua kwamba hewa ya huko ni nyepesi mno, kwa hiyo walichukua mifuko yenye hewa iliyotiwa oksijeni nyingi, pamoja na mirija ya kuivutia. Baluni ilipanda hata ikapita mita 8,000. Iliporudi chini, Crocé-Spinelli na Sivel walikuwa wamekwisha kufa. Tissandier peke yake aliokoka, naye alieleza baadaye kwamba alitaka kuushika mrija wa oksijeni, lakini mkono wake haukuweza kuinuka.

Habari hii yastahili kufikiriwa sana. Oksijeni ilikuwa karibu na watu wale, lakini haikuwafaa. Mtu apungukiwapo na oksijeni hapati maumivu ya kumwonya. Hulegea, fikira zake hupotea, na pengine hujiona mwenye furaha kama mlevi. Wakati anapoitambua hatari, nguvu za kujisaidia zimekwisha kumtoka. Kwa hiyo chombo cha kumpa rubani hewa hakiwezi kungoja kutengenezwa angani. Sharti kiwe tayari kabla ndege haijaondoka, na mwenye kukitengeneza ni fundi ambaye pengine rubani hatamwona maisha yake yote.

HEWA HUPUNGUA KADIRI MTU APANDAVYO

Sehemu moja tu katika kila sehemu tano za hewa ndiyo oksijeni. Kadiri hiyo haibadiliki mtu akiwa Mombasa au akiwa juu ya mlima. Kinachobadilika ni uzito wa hewa yenyewe. Juu ya kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895 kutoka usawa wa bahari, msukumo wa hewa ni karibu nusu ya ule wa pwani, ndiyo sababu wapandao mlima ule hutweta na kuumwa na kichwa. Ndege kubwa za abiria hupita juu zaidi, yapata futi 35,000, na huko msukumo haufiki hata robo ya ule wa pwani.

Abiria hawayaoni mateso hayo kwa sababu ndani ya ndege hewa husukumwa kwa mitambo, hata ikawa kama hewa ya mahali penye futi 8,000 au pungufu, karibu sawa na nyanda za Kinangop. Lakini ikitokea ndege ikatoboka, au mitambo ile ikakoma kufanya kazi, hewa ya ndani hutoka upesi. Katika futi 35,000 mtu asiye na oksijeni ya akiba huwa na akili timamu kwa muda wa nusu dakika, au dakika moja kwa wingi. Katika muda huo rubani hana budi kuvaa barakoa yake na kuanza kuishusha ndege mpaka futi 10,000, ambapo watu waweza kuvuta hewa ya kawaida.

Basi nusu dakika hiyo ndiyo yote aliyo nayo rubani. Hana nafasi ya kuuliza kama mtungi umejaa, kama mpira wa vali umepasuka, au kama mrija umezibwa na barafu. Maswali hayo yote yalipaswa kujibiwa zamani, mezani kwa fundi.

VYOMBO VYENYEWE

Vyombo vya oksijeni katika ndege ni vya namna nyingi, lakini vinne ndivyo vipitavyo sana katika karakana.

Cha kwanza ni mtungi wa chuma. Mitungi mingi ya ndege hubeba oksijeni iliyoshindiliwa kwa nguvu ya ratili 1,800 kwa kila inchi ya mraba. Ili msomaji aelewe nguvu hiyo, mpira wa gari dogo hujazwa ratili 30 hivi tu.

Cha pili ni vali ya kugawia hewa. Hiki ndicho chombo chenye ufundi mwingi kuliko vyote. Ndani yake mna kiwambo chembamba cha mpira. Rubani avutapo pumzi, kiwambo huvutwa na kufungua njia ya oksijeni. Aachapo, njia hufungwa. Mna pia kikopo kidogo cha bati jembamba kinachotanuka kadiri ndege ipandavyo, nacho huchanganya oksijeni na hewa ya kawaida. Chini huingiza hewa nyingi na oksijeni kidogo, na juu sana huingiza oksijeni peke yake. Kwa njia hii mtungi haumalizwi bure.

Cha tatu ni barakoa pamoja na mrija wake na kipaza sauti kilichomo ndani, maana rubani aliyefunikwa mdomo sharti aweze kusema na wenzake na watu wa uwanjani.

Cha nne ni kile kinachowekwa juu ya viti vya abiria katika ndege nyingi. Hiki si mtungi wa gesi. Ni kopo lenye dawa iitwayo klorati ya sodiamu. Abiria avutapo barakoa kwake, kamba huchomoa kipini, nyundo ndogo hugonga fataki, na ile dawa huanza kuungua polepole na kutoa oksijeni kwa muda wa robo saa hivi. Wakati huo kopo huwa moto sana, hata kupita digrii 250 za Sentigredi. Kopo likiisha kuwaka halitumiki tena, na likipita miaka yake halitengenezwi. Huondolewa na kuharibiwa kwa uangalifu. Habari za makopo haya zitarudiwa hapa chini, kwa kuwa yalileta msiba mkubwa.

NDANI YA KARAKANA

Nchini Marekani kazi hii hufanywa katika karakana zilizopewa idhini na idara ya serikali inayosimamia usafiri wa ndege. Nyingi kati ya hizo si kubwa. Fundi apokeapo chombo, jambo la kwanza halihusu bisibisi wala spana. Huandika namba ya chombo, namba ya kitu chenyewe kama ilivyopigwa chumani, mahali kilikotoka, na sababu ya kuletwa. Kisha hutafuta kitabu cha mtengenezaji kinachohusu chombo hicho hasa, akahakikisha kwamba ni toleo la mwisho. Kutoka hapo hafuati desturi yake wala kumbukumbu yake. Hufuata kitabu, hatua kwa hatua.

Mtungi humwagwa oksijeni yake, vali ikafunguliwa, na ndani kukamulikwa kwa taa. Fundi hutafuta kutu, unyevu, vumbi na harufu. Mwisho wa muda uliowekwa, mtungi hupimwa nguvu kwa maji. Mitungi ya chuma ya kawaida hupimwa kila miaka 5, na ile myepesi iliyofanywa kwa ajili ya ndege hupimwa kila miaka 3, nayo ikifika miaka 24 huachishwa kazi hata kama yaonekana mizima.

Kipimo cha maji hufanywa hivi. Mtungi hujazwa maji tele, ukatiwa katika chombo kingine kilichojaa maji na kufungwa imara. Pampu husukuma maji ndani ya mtungi mpaka nguvu ipite ile ya kazi; mtungi wa ratili 1,800 husukumwa hadi 3,000. Chuma hutanuka kidogo, na maji ya chombo cha nje hupanda katika kipimo cha kioo. Kisha nguvu huondolewa. Chuma kizima hurudi kama kilivyokuwa. Kama mtungi umebaki umetanuka, na kutanuka huko kumezidi sehemu moja katika kumi ya kutanuka kwote, umechoka, nao hukataliwa. Maji hutumiwa badala ya hewa kwa sababu hayashindiliki sana. Mtungi ukipasuka ukiwa na maji, hupasuka bila kurusha vipande kama bomu.

Vali hufunguliwa kipande kwa kipande. Sehemu za mpira hazirudishwi, hata zikiwa na sura nzuri, kwa maana mpira huzeeka kabla haujaonyesha alama. Springi hupimwa, matundu huangaliwa, na kila sehemu ya chuma huoshwa. Baada ya kufungwa upya, vali hutiwa katika tangi ambalo hewa yake hunyonywa na pampu, mpaka ndani mwake mkawa kama futi 10,000, kisha 20,000, kisha 30,000 na zaidi. Katika kila kimo fundi huandika kiasi cha oksijeni kilichopita. Chombo kikipungua chini ya kipimo cha kitabu, au kikizidi, hurudishwa mezani.

MAADUI WAWILI: MAFUTA NA MAJI

Fundi wa magari husifiwa kwa kutia mafuta kila mahali panaposuguana. Fundi wa oksijeni akifanya hivyo aweza kuua watu. Oksijeni yenyewe haiwaki, lakini huvifanya vitu vingine viwake kwa ukali usio wa kawaida. Vali ikifunguliwa ghafula, gesi yenye msukumo mkubwa hujishindilia katika mrija na kupata moto kwa ghafula, kama vile pampu ya baiskeli inavyopata moto mtu ajazapo upepo. Tone la mafuta, au alama ya kidole chenye grisi, hutosha kuwasha moto hapo, na moto huo ukiisha kushika hula hata chuma.

Kwa sababu hiyo chumba cha kazi hii hutengwa na vyumba vingine. Vifaa vyake havitumiwi kwa kazi nyingine. Mafundi huvaa glavu safi zisizotoa nyuzi, na hairuhusiwi kuingia na mafuta ya nywele wala marashi mikononi. Hata sabuni ya kutafutia mahali panapovuja huwa ya namna maalum isiyo na mafuta. Kazi ikiisha, matundu yote huzibwa, na chombo hufungwa katika mfuko safi, usifunguliwe mpaka siku ya kutiwa ndegeni.

Adui wa pili ni maji. Oksijeni ya marubani hupaswa kuwa safi kwa kadiri ya sehemu 99.5 katika mia, na kavu kabisa. Oksijeni ya hospitali huweza kutiwa unyevu ili isiumize koo la mgonjwa. Lakini angani, ambapo baridi hupita ya barafu, tone moja huganda katika tundu la vali na kulifunga. Kwa hiyo mtungi uliopimwa kwa maji hukaushwa kwa hewa ya moto iliyo safi, na ndani yake huangaliwa tena kwa taa.

MKATABA WA SERIKALI

Jeshi la Anga la Marekani, pamoja na idara nyingine za nchi ile zenye ndege, halifanyi kazi hii yote kwa mikono yake. Sehemu kubwa hutolewa kwa wakandarasi. Serikali hutangaza zabuni ikitaja namba ya chombo, idadi, kitabu cha kufuatwa, na muda wa kumaliza. Karakana hutaja bei. Ikishinda, huletewa vyombo na kuvifungua, kisha huamua ni vipi vyaweza kutengenezwa na ni vipi havifai tena hata kwa gharama. Vilivyomalizika hukaguliwa, cheti hutiwa sahihi, na ndipo malipo hutoka.

Hapa ndipo penye kishawishi. Bei imekwisha kutajwa, na kila saa ya fundi hupunguza faida. Chombo kikiisha kufungwa, hakuna awezaye kuona kwa macho kama mpira wa ndani ni mpya au ni wa zamani. Mkaguzi wa serikali aweza kujaribu chombo kimoja au viwili, lakini hawezi kuvifungua vyote tena. Vingine atavipokea kwa kuamini maandishi.

Sheria ya Marekani hailiachi jambo hilo wazi. Kwa kawaida serikali ikiisha kupokea kitu, imekipokea. Hata hivyo mikataba yake huweka sharti kwamba kupokea huko hakumwokoi mkandarasi kama kulikuwa na kasoro iliyofichika, au udanganyifu. Tena iko sheria ya mwaka 1863, iliyotungwa wakati wa Rais Abraham Lincoln, nchi ile ilipokuwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Wafanya biashara walilaumiwa kwa kuliuzia jeshi baruti iliyochanganywa na unga wa mbao, na nyumbu wagonjwa. Sheria hiyo yatumika hata leo. Tangu 1986 aliyeidanganya serikali katika madai yake ya fedha hutozwa mara tatu ya hasara aliyoileta, pamoja na faini, na mtu wa ndani afichuaye udanganyifu aweza kupewa sehemu ya fedha zitakazorudishwa.

Serikali nayo yapaswa kuangalia kama muda wa matengenezo iliouweka unafaa. Mwezi wa Februari 1998 ulikuwa mbali bado na somo hilo. Lilikuja miaka 20 baadaye. Tarehe 1 Februari, 2018, Jeshi la Anga lilisimamisha ndege zake za mafunzo aina ya T-6 kwa karibu mwezi mzima, kwa kuwa marubani walikuwa wakipatwa na dalili za kukosa hewa safi. Uchunguzi ulionyesha kwamba sehemu za mtambo wa oksijeni zilikuwa zikiharibika upesi kuliko ilivyotazamiwa. Ratiba ya kuzikagua ikabadilishwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

SAHIHI ZILIZOUA WATU 110

Msiba wenye mafundisho makubwa zaidi haukutokea jeshini bali katika ndege ya abiria. Tarehe 11 Mei, 1996, ndege ya kampuni ya ValuJet, safari namba 592, iliondoka Miami kwenda Atlanta. Dakika 10 hivi baada ya kuruka ilianguka katika bwawa la Everglades. Watu wote 110 waliokuwamo walikufa.

Katika shehena ya ndege ile mlikuwa na masanduku matano ya yale makopo ya dawa ya oksijeni. Yalikuwa yameondolewa katika ndege nyingine kwa sababu mengi yamepita miaka yake. Kazi ya kuyaondoa ilifanywa na mkandarasi, kampuni ya SabreTech. Kitabu kilitaka kila kopo livishwe kifuniko cha plastiki juu ya fataki, ili lisiwake. Vifuniko havikuwapo karakanani. Hata hivyo kadi za kazi zilitiwa sahihi kwamba kazi imekamilika. Makopo yalifungwa kadi za kijani, ambazo maana yake ni kitu cha kutengenezwa, ingawa makopo ya namna ile hayatengenezwi.

Masanduku yalikaa katika stoo. Karani aliyeagizwa kupasafisha mahali pale hakuwa ameambiwa na fundi yeyote yaliyomo ni nini. Akayahesabu kuwa makopo matupu, na hati ya kusafirishia ikaandikwa hivyo. Neno moja, "matupu", ndilo lililoyapitisha masanduku hadi ndani ya ndege, pamoja na mipira ya magurudumu.

Chumba cha mizigo cha ndege ile hakikuwa na kengele ya moshi wala dawa ya kuzima moto. Ilidhaniwa kwamba moto wowote ungejifia wenyewe kwa kukosa hewa. Lakini makopo yalipowaka yalitoa hewa yao wenyewe, na moto ukalishwa na kile kile kilichokusudiwa kuokoa watu.

Halmashauri ya kuchunguza ajali ilitoa taarifa yake mwaka 1997, nayo haikumlaumu mmoja. Ilimlaumu mkandarasi kwa kutoyaandaa makopo na kutoyataja sawasawa. Ililaumu kampuni ya ndege kwa kutosimamia kazi iliyompa mkandarasi. Na ililaumu idara ya serikali kwa kutolazimisha vyombo vya kugundua na kuzima moto katika vyumba vya namna ile. Mwaka 1998 idara ikaamuru viwekwe.

Jambo hili lahusu mikataba yote, ya serikali na ya watu binafsi. Mwenye mali aweza kumpa mwingine kazi, lakini dhamana hubaki naye. Atoaye mkataba asipotazama, na atengenezaye asiposema kweli, kosa hupita mikono mingi bila mtu kulisimamisha.

MAANDISHI NI SEHEMU YA CHOMBO

Kuna wakati ambapo kazi yote imefanywa vema na hatari ikatokea. Tarehe 25 Julai, 2008, mtungi mmoja wa oksijeni ulipasuka katika ndege ya Qantas iliyokuwa katika futi 29,000 kutoka Hong Kong kwenda Melbourne. Ubavu wa ndege ulitoboka, lakini marubani waliishusha na kutua Manila, na watu wote 365 waliokoka. Mtungi wenyewe ulianguka baharini. Wachunguzi, wasio na mtungi mikononi, walipekua maandishi yake na kuipima mitungi mingine ya kundi lake. Hawakupata kasoro, na sababu ya kupasuka haikujulikana. Hata hivyo, kama maandishi yasingekuwapo, au kama yasingeaminika, wasingejua hata mitungi ya kuipima.

Nchi nyingi za ulimwengu, Kenya ikiwa mojawapo, zinafuata kanuni zilizotokana na Mkataba wa Chicago wa 1944. Katika kanuni hizo karakana za ndege hupewa idhini na kukaguliwa, na chombo hakirudishwi ndegeni pasipo cheti chenye jina la mtu aliyekipitisha. Wengine huona makaratasi hayo kuwa usumbufu wa maofisini. Lakini fundi anayekataa kutia sahihi kwa sababu kifuniko kimoja hakipo, na karani anayekataa kuandika "matupu" kabla hajafungua sanduku na kuuliza, hawacheleweshi kazi. Huko Miami, mwaka 1996, kazi yenyewe ilikuwa hiyo, na hakuna aliyeifanya.